Jina Mgongoni mwa Kombeo

Saa kumi jioni, pale Ilemela, jua linashuka upande wa ziwa na maji yote yanashika moto. Nuru inaruka mawe ya ufukweni, inaingia uwanjani bila kubisha hodi, inawapiga watazamaji machoni. Ukitazama upande ule huoni mtu, unaona kivuli. Huoni uso, unaona umbo.

Na hivyo ndivyo walivyomwona Luhaga, misimu yote ile: kivuli kimoja kirefu mwisho wa majani, ziwa likiwaka mgongoni mwake. Kivuli kinakimbia, kinainama, kinaokota. Kivuli kinanyoosha mkono. Kisha mpira unatoka ndani ya nuru kama kitu kilichotumwa na ziwa lenyewe, unapita juu ya vichwa vya wachezaji wenzake, haupandi, haushuki, unakwenda tu, unavuma, mpaka unaingia nyumbani, pale anaposimama mpigaji.

Mkono ule, jamani. Mkono ule.

Besiboli si mchezo wa watu wengi Mwanza. Mashabiki wa timu ya Jabali hawakufika hata mia, na walijuana kwa majina, kwa sauti, kwa jiwe analokalia kila mtu. Palikuwa na Chenge, kinyozi wa Buzuruga, mwenyekiti wao, aliyefunga duka siku za mechi hata kama mteja yuko kitini na nusu ya kichwa. Palikuwa na Mama Evelina, muuza sangara wa kukaanga, ambaye hakuwahi kuzielewa sheria za mchezo lakini alijua wakati wa kupiga vigelegele, kwa sababu alimtazama Luhaga tu. Na palikuwa na Sihaba.

Sihaba alikuwa fundi cherehani, binti wa marehemu mzee Mbaruku, miaka ishirini na miwili wakati ule. Timu ilikuwa na mipira michache, na mipira ile ilichoka. Ngozi ilifumuka, mishono ikakatika. Akaletewa mmoja, akaugeuzageuza kiganjani, akachukua sindano nene na uzi mwekundu, akaanza kuhesabu matundu. Mia moja na nane upande mmoja. Mia moja na nane upande wa pili. Akaushona kwa jioni mbili. Tangu siku hiyo hakuna mpira wa Jabali uliorushwa bila uzi wake.

Na alijua upi umepita mkononi mwa Luhaga. Mingine iliishia kuchubuka. Wa Luhaga ulirudi na uzi umelegea mahali pale pale pa vidole viwili, kama mtu aliyeshikwa kwa nguvu na kuachwa ghafla.

Luhaga alitoka Misungwi, kwa wafugaji. Utotoni alichunga ng'ombe wa babu yake kwenye mbuga pana, na ng'ombe akipotea njia hakumkimbilia. Aliokota jiwe. Jiwe lilitua mbele ya pua ya ng'ombe, ng'ombe akageuka. Hakuwahi kumpiga hata mmoja, alisema, na mashabiki walipenda sana neno hilo. Hawakumwita Luhaga. Walimwita Kombeo.

Lakini mpira unaorushwa lazima udakwe.

Yule aliyeudaka, yule aliyechuchumaa nyumbani nyuma ya mpigaji, kinyago cha chuma usoni na glovu nene mkononi, alikuwa Abdillah, mdogo wake Sihaba. Miaka kumi na saba. Mfupi, mpole, mabega mapana. Mpira wa Kombeo ulipotua katika glovu yake, mlio wake ulisikika mpaka barabarani. Jioni Sihaba alimwekea kiganja kwenye maji ya barafu, kiganja kimevimba kama andazi, naye Abdillah anacheka. "Dada, leo aliurusha kutoka mawe yale ya mwisho. Ya mwisho kabisa! Sikusogea hata hatua."

Sikusogea hata hatua. Alisema vile kama mtu anayemsifu mwingine.

Fainali ilikuja mwezi wa tisa, miaka kumi iliyopita. Timu ya Dodoma ilikuwa nyuma kwa pointi moja. Mtu wao alisimama kituo cha tatu. Akifika nyumbani salama, mambo yanakuwa sawa. Mpigaji akapiga. Mpira ukapaa, ukavuka wote, ukaelekea ziwani. Mama Evelina akajifunika uso kwa khanga. Yule mtu wa kituo cha tatu akasubiri udakwe ndipo akimbie, huku anatabasamu, kwa sababu kutoka pale ziwani mpaka nyumbani ni mbali, na hakuna mkono wa binadamu unaofika.

Kivuli kiliudaka, mtu akachomoka. Kivuli kikapiga hatua mbili. Mkono ukazunguka.

Walioona walisema baadaye kwamba uwanja ulinyamaza kabla mpira haujafika, kama vile masikio yalijua mapema. Ulipita. Ulivuma. Ukatua katika glovu ya Abdillah, ambaye hakusogea hata hatua, na Abdillah akaushusha taratibu kwenye mguu wa yule mtu aliyekuwa bado anatabasamu.

Ametoka! Jabali bingwa!

Wakambeba Luhaga juu juu mpaka majini. Wakaimba jina lake mpaka sauti zikakauka. Sihaba alikuwa miongoni mwao, kilemba kimemtoka, akilia na kucheka. Ni baada ya muda mrefu ndipo alipogeuka na kumwona mdogo wake bado yuko kule nyumbani, amechuchumaa peke yake, anakung'uta vumbi kwenye glovu.

Mkono ule, jamani. Nani angekumbuka glovu?

*

Kulikuwa na kitu kati ya Sihaba na Luhaga ambacho hakikuwahi kupewa jina. Luhaga alikuwa anakuja kuchukua mipira mwenyewe, ingawa angeweza kumtuma mtu. Alikuwa anakaa kwenye benchi la wateja, miguu mirefu imezuia mlango, akimtazama anavyovuta uzi. "Taratibu," alimwambia siku moja. "Ukiukaza sana hautanisikia." Sihaba aliibeba kauli ile wiki nzima, akaiweka mdomoni kama pipi.

Wiki tatu baada ya fainali alikuja bila kuulizia mpira.

"Sihaba, nina shida kidogo. Tunaandikisha timu kwa mashindano ya mwakani. Wachezaji wadogo wanatakiwa vyeti vya kuzaliwa. Cha Abdillah hakipo."

"Kipo. Kiko sandukuni kwa mama."

"Nipe nikipeleke. Kesho kutwa nakirudisha."

"Ngoja nimwambie Abdillah akuletee."

Luhaga alitabasamu. "Abdillah yuko shule. Na mama yenu akiulizwa ataanza maswali mpaka jioni. Sihaba, ni mimi. Mimi."

Ni mimi. Maneno mawili, na moyo wake ukafungua sanduku kabla mkono haujafika. Mama, Bi Shamsa, alikuwa anaswali adhuhuri. Sihaba akanyanyua kifuniko taratibu, akapitisha vidole chini ya khanga za harusi, akakitoa cheti ndani ya mfuko wa nailoni. Akampa mtu aliyesimama mlangoni, jua nyuma yake. Hakumwona vizuri uso.

Mwezi wa kumi na moja ikatangazwa kwamba Kombeo anakwenda Japani. Klabu ya mji fulani wa pwani huko ilikuwa inatafuta vijana wa kulelewa, na wageni waliokuja fainali walikuwa wameuona mkono. Mwanza ilipata wazimu! Mashabiki walimsindikiza mpaka stendi ya Buzuruga, wakalizunguka basi la Dar es Salaam kwa nyimbo. Mama Evelina alimfungia sangara wa njiani. Chenge alimnyoa bure na akalia mbele za watu. Luhaga aliwakumbatia mmoja mmoja, na alipofika kwa Abdillah alimshika muda mrefu kuliko wote.

"Mdogo wangu," alimwambia. "Nitakufungulia njia."

Na katika mfuko wa shati lake, juu kidogo ya moyo, palikuwa na karatasi zenye jina la huyo aliyemkumbatia, na umri wake, kwa maana klabu ile haikuchukua aliyezidi miaka kumi na minane, na Luhaga alikuwa ameshaivuka.

Sihaba hakujua. Aliuliza kuhusu cheti, kwa sauti ya chini, mlango wa basi ukiwa unafungwa. "Kiko Dar na viongozi," Luhaga akasema. "Kitakuja."

Hakikuja.

*

Miaka miwili ilipita, na Abdillah akaitwa timu ya taifa. Safari ya Uganda, wachezaji ishirini, na yeye mmoja wao. Bi Shamsa alitafuta cheti sandukuni. Akazitoa khanga zote, akazikung'uta moja moja, akazirudisha, akazitoa tena. "Nimezeeka," alisema akiwa amekaa sakafuni. "Nimepoteza cheti cha mwanangu."

Sihaba alisimama mlangoni. Akaingia, akaanza kumsaidia kukunja khanga.

Wakaomba nakala nyingine, ikapatikana. Abdillah akaenda kuomba pasipoti akiwa amevaa shati la Idi, na dada yake akamsindikiza. Ofisa alichapa jina, akatazama kompyuta, kioo kikiwa upande wake, akamtazama Abdillah, akatazama tena kompyuta.

"Huyu mtu ameshachukua pasipoti. Tena yuko nje ya nchi."

"Mtu gani?"

"Abdillah Mbaruku."

"Ni mimi."

"Wewe," alisema ofisa, polepole, "ni nani hasa?"

Ni mimi, alirudia Abdillah, na ni mimi, na ni mimi, mpaka neno likachakaa. Walimweka kituoni siku mbili kwa kosa la kujifanya mtu mwingine. Kujifanya Abdillah. Bi Shamsa alikwenda na majirani, na imamu, na mwalimu mkuu, wakaapa kwamba huyu ndiye, wakamtoa. Lakini ndege ya Uganda haikusubiri viapo. Na jina lake likabaki limewekewa alama, kila ofisi anayokwenda linamtangulia na kumfungia mlango.

Sihaba alikuwa ameelewa tangu pale kwenye benchi la ofisi. Yote yalimjia kwa mara moja: mlango, jua, mtu asiye na uso. Alimwandikia Luhaga ujumbe ule ule mara ishirini. Jibu lilikuja moja. *Nivumilie kidogo. Nitarekebisha.* Kisha namba haikupatikana tena.

Jioni ya siku aliyotolewa kituoni, Abdillah alimuuliza. Alikuwa amekaa kitandani, viatu bado miguuni.

"Dada, kile cheti cha kwanza. Kuna mtu aliwahi kukichukua?"

Angalisema neno moja wakati ule, maisha yao yangalichukua njia nyingine. Alimtazama mdogo wake, akaona uso ule mpole usioshuku mtu, akaogopa.

"Sijui," alisema.

Sijui. Neno dogo, jepesi, linatoka bila kugusa meno. Alilala nalo miaka minane. Bi Shamsa alifariki ndani ya miaka hiyo, na hata siku zake za mwisho alikuwa anaomba radhi: nisamehe mwanangu, nilipoteza cheti chako. Abdillah anamfuta jasho, anamwambia mama usijali. Na Sihaba upande wa pili wa kitanda ameshika bilauri ya maji.

Abdillah aliacha besiboli. Alijifunza kuchomelea, akafungua karakana Buswelu, akawa anatengeneza mageti na madirisha ya nyumba za watu. Kinyago cha chuma alikivaa bado, lakini sasa ni cha kuzuia cheche. Kila alipotajiwa Kombeo, alisema tu, "Yule kaka alikuwa na mkono." Hakuwahi kusema baya. Hilo ndilo lililomuumiza dada yake kuliko yote.

*

Mwaka huu mashabiki waliamua kuadhimisha miaka kumi ya fainali. Hawakuwa wameacha kumkumbuka. Walikuwa wamemtafuta Luhaga kwenye simu zao mwaka hadi mwaka, wakaandika jina lake kwa kila namna, wasipate hata picha. Wengine walisema amewekwa benchi. Wengine walisema ameumia bega, anaona aibu kurudi. Mama Evelina alikuwa anamwombea kila Jumapili, kwa jina, mbele ya kanisa zima.

Saa nane mchana walikuwa wamejaa uwanjani, wamevaa fulana zilizoandikwa KOMBEO kifuani. Chenge alileta televisheni kubwa ya kinyozini na kuifunika kwa turubai pande tatu ili mwanga wa ziwa usiimeze. Sihaba alikuwa ameazimia kutokwenda. Lakini asubuhi Abdillah alimpigia simu, akasema, "Dada, Chenge amenibembeleza. Nitakwenda. Twende wote." Angekataa kwa sababu gani?

Walizungumza mmoja baada ya mwingine. Mmoja alikumbuka siku Kombeo alipourusha mpira kwenye mvua. Mwingine alikumbuka alivyogombana na mwamuzi kisha akambebea mzigo mpaka nyumbani kwake. Kila hadithi ilipoisha, wote waliitikia pamoja, kama watu walio kwenye ibada: mkono ule, jamani, mkono ule! Na hakuna aliyemtaja mdakaji, ingawa mdakaji alikuwa amekaa hapo hapo, kiti cha pili, mikono yenye makovu ya moto imelala magotini.

Ndipo Alexander akasimama. Alexander alikuwa fundi simu, shabiki tangu utoto, na siku hiyo uso wake uling'aa kuliko vioo anavyobadilisha.

"Nimempata," alisema.

"Nani?"

"Kombeo! Nimempata jana. Kuna mtu amekusanya video za mirusho mikali ya huko Asia. Nikawa natazama tu. Ukafika wa tano, nikaruka kitandani, hata mwisho sikuuona. Mwendo wake! Nani atausahau ule mwendo?"

Kelele zilizopigwa ziliwatoa ndege kwenye mawe. Mama Evelina alipiga magoti. Alexander akaunganisha simu na televisheni, na wote wakasogea chini ya turubai, bega kwa bega, Sihaba akiwa katikati yao na asipate pa kupita.

Picha ikaja. Uwanja wa kijani, taa nyeupe, maelfu ya watu. Mpira unapaa. Mtu mmoja mrefu anakimbia kwa nyuma, anaudaka, hatua mbili, mkono unazunguka.

Ni yeye! Hakuna ubishi. Na mtangazaji wa huko anapiga kelele mpaka sauti inapasuka: *Abudira! Abudira! Abudira!*

Wakacheka. "Anasemaje huyo?" Chenge aliuliza. "Abudira ndiyo nini?"

"Labda ndiyo kombeo kwa Kijapani," mtu akasema, wakacheka tena.

Kisha mchezaji akageuka kurudi mahali pake, na kamera ikamfuata kwa nyuma, ikamkaribia, polepole, kama yenye muda wote duniani. Mgongoni, kwa herufi kubwa nyeusi, palikuwa pameandikwa MBARUKU.

Kicheko kilikatika mtu kwa mtu. Mama Evelina, ambaye husoma kwa shida, alisoma kwa sauti, silabi moja moja. Mba. Ru. Ku.

Mmoja akageuza kichwa, wa pili akageuza, mwisho vichwa vyote vilikuwa vimemgeukia mtu wa kiti cha pili. Abdillah alikuwa hapepesi macho. Alikuwa anatazama jina la baba yake linatembea mgongoni mwa mtu mwingine, chini ya taa nyeupe, likishangiliwa.

"Alexander," alisema baadaye, kwa upole wake ule ule. "Huyu huko wanasema ana miaka mingapi?"

Alexander alitazama simu yake. "Ishirini na saba."

"Ni miaka yangu hiyo."

Kisha akageuka. Sihaba aliona anageuka, akaona kweli inavyomjia, na akatambua kwamba hakuna tena pa kusimama kati ya neno na neno.

"Dada. Cheti kilikuwa sandukuni kwa mama."

"Nilimpa mimi," Sihaba alisema.

Alisema vile tu. Alikuwa ameandaa maelezo kwa miaka minane, marefu, yenye machozi mahali pake, na yote yalimkimbia. "Alisema ni ya kuandikisha timu. Nikampa. Nikaja kujua siku ile ofisini. Ukaniuliza, nikasema sijui. Na mama..." Hakumalizia la mama. Abdillah aliinua kiganja, kiganja kile, kumzuia.

Chenge ndiye aliyezungumza kwanza, na Sihaba hatasahau alichokisema, kwa sababu Chenge alikuwa mtu mwema. "Jamani, tusiharakishe. Haya yabaki hapa. Yakitoka nje, Kombeo amekwisha. Watamfukuza. Ndiye pekee tuliye naye aliyefika mbali. Na Abdillah, mdogo wangu, wewe una karakana yako, maisha yanakwenda. Ni jina tu."

Baadhi waliitikia kwa vichwa. Watu wazima, wenye fulana mpya, waliokwenda kumzika mama yake.

"Ni jina tu?" Abdillah aliuliza. "Basi nipe lako, Chenge."

Chenge alianza kuipangusa televisheni.

"Mpigie," Abdillah alimwambia Alexander. "Kama kuna njia, mpigie."

Ilikuwepo. Alexander alikuwa ameshamwandikia jana kwa furaha, kupitia ukurasa wa klabu yake, na alikuwa amejibiwa kwa namba ya simu. Simu iliita. Uso ukajaa televisheni nzima: Luhaga, amenenepa mashavu, yuko kwenye bwalo la chakula, wachezaji wenzake nyuma yake na mabakuli. Alipowaona watu wa Ilemela wamejazana chini ya turubai, macho yalimjaa machozi, na machozi yale hayakuwa ya uongo.

"Watu wangu! Mama Evelina, shikamoo!"

"Marahaba, baba," alisema Mama Evelina, kwa mazoea, huku akiangalia chini.

Abdillah aliichukua simu kwa Alexander, akaishika mbele ya uso wake.

"Unanijua?"

Tabasamu la Luhaga lilisimama palepale lilipokuwa. "Mdogo wangu," alisema.

"Mdogo wako nani?"

"Mdogo wangu, nisikilize, mambo yalikuwa..."

"Sitaki mambo. Sikuombi kitu. Niite jina langu tu. Moja. Wote wasikie."

Nyuma ya Luhaga, mchezaji mmoja alipita na bakuli, akampiga begani kirafiki, akamwita. *Abudira.* Na Luhaga akageuka. Akageuka haraka, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake tangu tumboni mwa mama, akajibu kwa Kijapani, akacheka kidogo. Alipourudisha uso kwenye simu alikuwa amekuwa mtu mwingine.

"Niite," alisema Abdillah.

Mkono uliowahi kuvusha mpira uwanja mzima ulipanda polepole, ukaziba kioo. Picha ikawa nyeusi. Kisha simu ikakatika.

Mama Evelina ndiye aliyeanza. Alishika fulana yake kwa chini, akaivua kupitia kichwani, akabaki na blauzi ya kazini yenye madoa ya mafuta. Akaikunja mara mbili, akaiweka kwenye kiti. "Nimemwombea kwa jina," alisema. "Kila Jumapili, kwa jina. Na yeye hakuwa nalo." Akajitwika beseni lake akaondoka. Wengine wakafuata. Wengine hawakufuata, walibaki wamekaa na Chenge, wakitazama televisheni iliyozimwa. Hakuna aliyeutaja tena mkono.

Abdillah alimwambia dada yake maneno sita kabla ya kuondoka.

"Kesho saa mbili, ofisi ile. Njoo."

*

Alifika saa moja na nusu, na Abdillah alikuwa ameshafika. Hawakusalimiana. Benchi lilikuwa lile lile, limepakwa rangi mpya. Dirishani ziwa lilikuwa tulivu na la kijivu, mwanga wa asubuhi ukitoka nyuma ya vilima, mwanga mpole unaomwonyesha kila mtu uso wake: kope, makunyanzi, kovu la cheche chini ya jicho la kushoto la Abdillah ambalo Sihaba hakuwa amewahi kuliona.

Walisimulia yote. Ofisa, mwanamke mwenye miwani, alisikiliza bila kukatisha. Alieleza kwamba suala hilo litachukua miezi, huenda zaidi; kwamba barua zitakwenda Dar es Salaam, kisha mbali zaidi; kwamba aliyetoa cheti anaweza kufikishwa mahakamani, na je, anaelewa hilo?

"Naelewa," alisema Sihaba.

"Hujalazimishwa na mtu?"

"Sijalazimishwa."

Ofisa alivuta karatasi ya kiapo. "Jina la mlalamikaji?"

"Abdillah Mbaruku," alisema Abdillah, na akasubiri. Ofisa aliandika. Hakuuliza wewe ni nani hasa. Aliandika tu, na kalamu ikakwaruza karatasi mpaka herufi ya mwisho.

"Na huyu?"

"Sihaba," alisema Sihaba. "Sihaba Mbaruku."

Kalamu ilisimama. Ofisa aliinua macho juu ya miwani, akamtazama mmoja, akamtazama wa pili, mabega yale yale, paji lile lile la uso.

"Kumbe ni dada yako."

Sihaba alishusha pumzi. Miaka yote neno lile lilikuwa likimjia lenyewe, bila kuombwa, kupitia madirisha na simu na milango: dada, dada, dada. Alimtazama mdogo wake, akangoja.

Abdillah alikuwa anatazama karatasi.

"Andika shahidi," alisema.